Kuongoza opera Lubumbashi: hesabu za kabla ya pazia

Mtu akikuambia anataka kuongoza kikundi cha opera Lubumbashi, usimwulize anapenda opera gani. Mwulize ni watu wangapi wanaoweza kufika mazoezini Jumanne saa kumi na moja jioni, kutoka mitaa ya mji kama Katuba, Ruashi na Kenya (mtaa, si nchi), kisha wakarudi nyumbani taxi-bus zikiwa bado zinapita. Namba hiyo ndiyo inayochagua opera. Mkurugenzi anayeanza na aria, wimbo wa mtu mmoja, aliyoipenda, halafu akaenda kutafuta watu wa kuiimba, mara nyingi huishia kutoa tamasha la nyimbo tano na kinanda kimoja.

Mji huu una sauti. Parokia zina korali, tena si moja moja. Wamethodisti wana zao, na kanisa jipya likifunguliwa mtaani jambo la kwanza ni kikundi cha waimbaji. Wala si jambo la jana: Joseph Kiwele, aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga mwaka 1960, alikuwa mtu wa muziki wa kanisa kabla ya kuwa waziri wa elimu. Kinachokosekana ni wapigaji wa nyuzi, yaani violini, viola na selo, na jumba lenyewe. Jengo lililojengwa miaka ya 1950 kuwa teatro ya mji, kazi ya msanifu Claude Strebelle, leo tunaliita Bâtiment du 30 Juin, nalo ni la bunge la jimbo. Opera inabaki kuimbwa kwenye ukumbi wa Halle de l'Étoile au kwenye kumbi za parokia na shule, mahali pasipo na shimo la okestra mbele ya jukwaa wala kamba za kupandishia mandhari. Basi hesabu ya kuanzia ni hiyo: sauti nyingi, nyuzi chache, shimo hakuna.

Kwa hesabu hiyo, kazi ya kwanza inayofaa ni Dido and Aeneas ya Purcell. Inachukua kama saa moja, okestra yake ni nyuzi za sehemu nne pamoja na kinanda na selo vya kushika besi, na kundi la waimbaji ndilo linalobeba mzigo: mara ni watu wa ikulu, mara wachawi, mara mabaharia. Korali yenye nidhamu inajikuta nyumbani. Wengi hukimbilia La serva padrona ya Pergolesi ya mwaka 1733, kwa sababu ina waimbaji wawili tu na mchezaji mmoja asiyefungua mdomo, dakika 45 hivi, na kwenye karatasi ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye karatasi, ndiyo. Jukwaani kazi nzima imesimama juu ya watu wawili. Mmoja akishikwa na malaria Alhamisi, Jumamosi hakuna onyesho. Tena nafasi ya Uberto, bwana wa nyumba katika opera hiyo, inataka besi anayejua kuchekesha kwa maneno ya haraka, na mabesi wa korali zetu wamezoea kushikilia noti ndefu chini ya wengine. Carmen iache. Kila mtu anaijua, wafadhili wanaitaja kwa jina, lakini ni ya vitendo vinne, ina kundi la watoto, ina okestra kubwa, na inavuka saa mbili na nusu. Ni kazi ya mwaka wa saba au wa nane wa kikundi, kikifika huko.

Haki za kazi zitazamwe kabla ya kugawa nakala. Purcell na Pergolesi ni wa wote, lakini chapa ya kisasa iliyohaririwa upya ina mwenyewe, na kupiga fotokopi chapa hiyo ni kuiba hata kama mtunzi alikufa miaka 300 iliyopita. Tumia chapa za zamani zilizokwisha muda wake. Kazi ya karne ya 20 ambayo haki zake hazijaisha muda inaombewa ruhusa kwa mchapishaji, na sehemu za okestra kwa kawaida hukodishwa. Tafsiri ya Kiswahili ni mali ya aliyeifanya. Mwandikie mkataba na ueleze kama mmenunua maonyesho matatu au matumizi ya miaka mitano. Yaliyobaki yanamalizwa na SOCODA, shirika la haki za watunzi, nenda mapema.

Hakuna njia moja ya kufika kwenye kiti cha mkurugenzi. Kwa kawaida mtu huanza kwenye korali, anakuwa kiongozi wa sauti yake, anakuwa maestro, kisha anashika urejisa, yaani kusimamia jukwaa, saa na watu wakati wa onyesho. Hatua hiyo ya urejisa wengi wanairuka, na inaonekana. Maestro aliyekuwa mkurugenzi bila kupita nyuma ya pazia anajua kila noti, lakini hajui kwamba kubadilisha vazi kunataka sekunde 90 na mtu wa kushika tochi. Katika nyumba kubwa za opera za Ulaya kazi hii imegawanywa: mmoja anasimamia nyumba na fedha, mwingine muziki. Kikundi cha jimbo hakina uwezo huo. Mtu yuleyule asubuhi anasoma mkataba, mchana anasoma bajeti, jioni anasoma noti.

Kuchagua waimbaji kunataka vipimo vitatu, si kimoja. Cha kwanza, panda na kushuka kwa nusu toni ukisikiliza sauti inapobadilika, si inapoishia. Tenori wa korali anaweza kugusa noti ya juu kwa sauti nyembamba, lakini jukwaani noti hiyo haifiki safu ya tano ya viti. Cha pili, mfundishe mistari miwili asiyoijua, mwambie akapumzike dakika 20, kisha airudie. Opera inaimbwa bila karatasi, na kuna sauti nzuri sana zisizoweza kukariri. Cha tatu, mwondolee maikrofoni. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na si kosa lao: kanisani wameimba miaka yote na spika pembeni. Sauti iliyofunzwa hukusanya nguvu karibu na herzi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imepungua, kwa maana nguvu kubwa ya okestra iko karibu na herzi 500. Ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kusikika juu ya nyuzi 12. Lakini nafasi hiyo haipatikani kwa kupiga kelele. Anayelazimisha koo atakauka wiki ya tatu, na mwalimu akimwambia aongeze nguvu amemmaliza.

Kuna mtego mmoja ambao umekula saa nyingi za mazoezi kuliko mwingine wowote, nao ni neno “do”. Aliyesoma muziki kwa Kifaransa anajua kwamba do ni noti moja, mahali pamoja kwenye kinanda, siku zote. Aliyelelewa na solfa ya kanisa, noti za do, re, mi zinazoandikwa bila mistari, anajua do ni nyumba ya wimbo. Wimbo ukihama, do inahama nao. Mpiga kinanda akisema “nipeni la”, nusu ya korali inampa la ya herzi 440, nusu nyingine inampa noti ya sita ya wimbo. Kisha wanatazamana. Amua siku ya kwanza: majina ya do, re, mi yawe ya solfa tu, na noti za kinanda ziitwe kwa herufi, C, D, E. Andika ubaoni na usifute.

Kuhamisha kitabu kutoka noti za mistari kwenda solfa ni kazi ya wiki, si ya usiku mmoja, na ifanywe na watu wawili, mmoja akiandika na mwingine akiimba alichoandika mwenzake. Makosa hayajitokezi kwenye noti za kawaida. Yanajitokeza kwenye fe, se, ta na ma, zile noti zilizopandishwa au kushushwa nusu toni, na mahali wimbo unapohamia nyumba nyingine. Kwenye hatua ya kuhama andika noti ya daraja kwa majina yote mawili, la zamani na jipya, ili mwimbaji aone mlango anaopitia. Besi inayoteremka kwa nusu toni kabla ya malkia Dido kufa ni mtihani mzuri: aliyeandika solfa yake vibaya atagunduliwa hapo.

Lugha ya kuimbia nayo ni ugomvi wa kila mara. Wapo wanaotaka Kiingereza cha mtunzi na tafsiri juu ya ukuta. Mimi nasimama upande wa Kiswahili, ila tafsiri ifanywe na mtu anayeimba. Irabu zetu tano zinafunguka vizuri mdomoni, hilo halina shida. Shida ni mkazo. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza kinapenda kumalizia sentensi kwa silabi nzito. Ukilazimisha, “nakupenda” inaangukia kwenye “nda”, na ukumbi unacheka mahali pa kulia. Dawa ni kuipasua noti ya mwisho: silabi nzito inachukua urefu karibu wote, ya mwisho inapewa kipande kifupi kwenye noti ileile. Wimbo haujabadilika umbo, mkazo umekaa mahali pake. Halafu fundisha kundi kutofunga mapema kwenye mb, nd na ng. Katika “nakupenda” irabu e ishikiliwe wazi mpaka ukingoni kabisa, ndipo n na d zipite pamoja. Korali isiyofundishwa hufunga nusu ya njia, na unachosikia ni nyuki.

Hapa pia Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina faida ambayo wasafishaji wa lugha hawataki kuisikia. Katika “mtoto” ya sanifu, m ni silabi peke yake, na mwimbaji lazima aimbe noti nzima midomo imefungwa. Haifiki mbali. Sisi tunasema “mutoto”: hesabu ya silabi ni ileile, tatu kwa tatu, lakini sasa kuna irabu, na mtu wa safu ya mwisho anasikia neno. Muti, mutu, mukubwa, vivyo hivyo. Malkia aseme sanifu pale noti inaporuhusu, mabaharia na wachawi waseme cha mtaani kwetu Kamalondo, na kila mahali m inapokaa kwenye noti ndefu, weka u.

Maandishi ya juu ya ukuta bado yanahitajika hata mkiimba Kiswahili, kwa sababu kundi likiimba sauti nne zinazopishana hakuna anayeshika maneno. Mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mmoja. Anayebonyeza kuyabadilisha awe anasoma muziki. Asiyesoma atachelewa kila mara na kicheko kitakuja baada ya mzaha kupita.

Okestra ya chini kabisa ni mtu mmoja kwa kila sehemu na kinanda. Ya kustarehesha kwa kumbi zetu ni violini nne za kwanza, tatu za pili, viola mbili, selo mbili na besi kubwa moja. Viola ndiyo itakayokosekana. Unaweza kumpa sehemu hiyo mpiga violini wa tatu, lakini kumbuka violini inaishia G chini, na viola inashuka nusu toni saba zaidi hadi C; pitia ukurasa kwa ukurasa, noti zilizo chini ya G mpe selo ya pili au zipandishe oktava pale ambapo hazipishani na violini ya pili. Kinanda kiwe cha umeme chenye vibonye 88, chenye sauti ya klavesini, kinanda cha kale cha nyuzi, na chenye kitufe cha kushusha nusu toni. Kitufe hicho ni msaada mkubwa. Muziki wa wakati wa Purcell siku hizi mara nyingi hupigwa kwa A ya herzi 415, karibu nusu toni chini ya 440. Soprano wako akikaza noti za juu, shusha kinanda, nyuzi zishushwe pia, na hakuna atakayekulaumu kwa kukosa uaminifu.

Kiangazi chetu kinaua mbao. Kuanzia Juni hewa inakauka, vigingi vinateleza, gundi ya ubavuni inaachia, mwili wa selo unaweza kupasuka. Chombo kinataka unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe, weka sponji iliyokamuliwa vizuri, kiweke ndani ya keisi, na kila baada ya siku mbili kiangalie. Kigingi kinachoteleza kinapakwa chaki, kinachokwama wakati wa mvua kinapakwa sabuni kavu kidogo. Upinde ulegezwe baada ya kupiga, kila mara, maana manyoya hujikunja hewa ikikauka na ubao unapinda. Ukibadilisha nyuzi, badilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, kijiti cha ndani kinachosimamia kifuniko kitaanguka, na fundi wa kukirudisha si wa kila mtaa. Agiza seti mbili za akiba na nyuzi za E za ziada.

Kwa kuwa shimo hakuna, okestra ikae pembeni, kushoto kwa watazamaji, na waimbaji wamwone maestro kwenye televisheni mbili ndogo zilizowekwa mbele ya jukwaa. Kamera iunganishwe kwa waya. Picha ya wifi inachelewa, na hata ucheleweshaji wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ni moja ya tano ya pigo. Kundi litaburuta na maestro atawalaumu bure. Ukumbi wenye vigae na mabati hupiga mwangwi. Ninginiza mablanketi mazito ukuta wa nyuma, sentimita 20 kutoka ukutani. Vitenge vinapendeza lakini ni vyepesi, vinameza sauti za juu tu na kuacha ngurumo ya chini.

Umeme wa SNEL uhesabiwe kama mgeni: akija, karibu. Taa 12 za LED za wati 150 ni wati 1,800. Ongeza kinanda, projekta na televisheni, hufiki 2,500. Jenereta ya kVA 5 inatosha na haichoki. Taa za zamani za wati 1,000 kila moja zingehitaji mara tano ya hapo. Jenereta iweke mita 30 au zaidi nyuma ya ukuta, na waya uwe mnene, milimita za mraba 4 au 6, la sivyo volti zinashuka na kinanda kinajizima na kuwaka. Kinanda na projekta vipite kwenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, kubadilisha kunachukua sekunde kadhaa za giza. Wafundisheni waimbaji kuendelea, na maestro awe na taa ndogo ya kuchaji juu ya stendi na fimbo nyeupe. Fanyeni zoezi hilo kwa makusudi, mzime taa katikati ya kitendo cha pili bila kuwaambia.

Kalenda ni wiki 14. Tano za kwanza ni muziki kwa sauti moja moja, tatu za kukariri na matamshi, tatu za jukwaa, moja na okestra, moja ukumbini, ya mwisho ni maonyesho. Anza mwanzoni mwa Machi, umalize mwanzo wa Juni. Sababu ni paa: mvua ikipiga mabati, hakuna sauti ya binadamu inayopita bila spika. Ukisogea hadi Julai, usiku unakuwa wa baridi na vumbi linakausha koo. Juma Kuu usiite mtu, korali zote zina kazi. Jumamosi ni mazoezi ya kanisa, basi chukua Jumanne, Alhamisi na Jumapili alasiri. Msiba ukitokea, waimbaji watakwenda kwenye kilio, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo kila nafasi iwe na mtu wa pili aliyekariri, na apewe angalau onyesho moja, la sivyo hatakariri kweli. Siku ya onyesho bukari, yaani ugali, iliwe saa tatu kabla, si nusu saa.

Sasa pesa. Watu 40, mara tatu kwa wiki, wiki 14, ni mahudhurio 1,680. Ukiweka dola moja ya usafiri kwa kila moja, ni dola 1,680 kabla hujanunua hata kitambaa. Ukumbi wa viti 300, ukiondoa asilimia 15 za mialiko, una viti 255 vya kuuza. Kwa dola 5 ni dola 1,275, na usiku tatu zilizojaa ni 3,825. Usafiri peke yake umekula asilimia 44. Tiketi hazilipi opera, si hapa wala Ulaya, na mkurugenzi asiyejua hivyo atajua kwa aibu. Kampuni za migodi na vituo vya utamaduni ndivyo vinavyoziba pengo, lakini ahadi iliyotolewa kwenye chakula cha jioni si pesa. Bango lisichapwe kabla sahihi haijawekwa na sehemu ya kwanza haijaingia. Mialiko ya wakubwa iwe na namba na saa: baada ya kengele ya tatu viti vyao vinauzwa. Watakasirika mara moja, mwaka unaofuata watawahi.

Waimbaji walipwe kwa onyesho, nusu kabla ya zoezi la mwisho la mavazi, nusu usiku wa onyesho la mwisho, mkononi, kila mtu akisaini mbele ya watu wawili. Usafiri ulipwe siku ileile ya mazoezi, hata kama ni karatasi chakavu za franga. Mkurugenzi anayechelewesha cheti anasamehewa. Anayechelewesha nauli anakuta Alhamisi ukumbi una watu 11.

Usiku wa mwisho, kabla watu hawajaondoka, kusanya vitabu vyote vya solfa kwa namba. Kila nakala ina namba, kila mwimbaji alisaini namba yake. Kazi ile ya wiki nyingi haitarudiwa na mtu, na nakala moja iliyopotea huwa ni ile yenye alama zote za pumzi. Kwa sababu hiyo alama ziandikwe kwa penseli tu, 2B, si bic.